Ini la Mzee na Hoja Mbili Dhaifu

Katika mijadala ya maadili ya tiba hutolewa hoja mbili kuhusu viungo vya wazee. Ya kwanza husema kwamba mwili wa mzee umechakaa, kwa hiyo kumpandikizia mgonjwa ini lake ni kumlisha makombo. Ya pili husema kwamba mzee amekwisha kula chumvi nyingi, hivyo anawajibika kuwaachia vijana viungo vyake. Hoja hizi zinapingana, lakini kosa lao ni moja: zote humpima mtu kwa miaka yake.

Hoja ya kwanza imekanushwa na tiba yenyewe. Baada ya Thomas Starzl kujaribu kupandikiza ini huko Denver, Marekani, mwaka 1963, kwa muda mrefu madaktari wengi waliwakataa watoaji waliopita miaka 50. Leo, nchini Hispania, zaidi ya nusu ya marehemu wanaotoa viungo ni wa umri wa miaka 60 na kuendelea. Huko na Italia hata maini ya waliopita miaka 80 yamepandikizwa. Ini huzeeka polepole kuliko viungo vingine vingi. Ni kweli kwamba ini la mzee halivumilii kukaa muda mrefu kwenye baridi, na likijaa mafuta hatari huongezeka. Ndiyo maana daktari hulikagua ini lenyewe, wala hahukumu kwa umri peke yake.

Hoja ya pili ni ya hatari zaidi, kwa kuwa imevaa joho la upendo. Kipawa kinachodaiwa kimekwisha kuwa kodi. Anayemwambia mzee kwamba ameishi vya kutosha amemgeuza kuwa ghala la vipuri, naye Mungu hakumwumba kwa kazi hiyo.

Jambo hili lina uzito hata Rungwe Mpya, katika nyanda za juu za Kigoma. Nchini mwetu figo zimepandikizwa Muhimbili tangu mwaka 2017 na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu mwaka 2018, watoaji wakiwa ndugu walio hai. Basi swali huanzia katika kikao cha ukoo kabla ya kufika kwa daktari. Hapo bibi au babu anayetegemea wanawe kwa chakula atawezaje kusema hapana?

Kwa hiyo mchungaji na azungumze na mzee faraghani. Amhakikishie kwamba akikataa hatapungukiwa na neema, na akikubali hajinunulii wokovu. Anayehofu kufufuliwa bila ini aambiwe kwamba Mungu awafufuaye waliozama baharini hazuiwi na kovu la mpasuaji. Baada ya hayo mzee aachwe aamue mwenyewe. Theolojia isiyoweza kulipokea "hapana" la mzee haina haki ya kulisifu "ndiyo" lake.