Ngano Katika Kaye

Miongoni mwa kazi ambazo watu wamezoea kuzipita bila ya kuzisalimu, ipo moja niihesabuyo katika sanaa kubwa, nayo ni kazi ya mwalimu wa shule ya msingi amfundishaye mtoto kuiandika katika kaye, yaani daftari, ngano aliyoirithi kwa nkambo wake, kama watoto wa Katanga, nchini Kongo, wamwitavyo babu au nyanya, kisha kuitia katika simu isikike na kuonekana. Hapa Kambove kazi hii ina uzito wa peke yake. Mji umejulikana duniani, tangu enzi ya kampuni ya madini ya Union Minière iliyoundwa mwaka 1906, kwa mawe ya shaba yatokayo ardhini mwake yakenda kuuzwa ng'ambo, wala hapana mnunuzi aulizaye jina la mchimbaji. Lakini ngano ya Kalulu, yule sungura mwenye hila, yaweza kutoka hapa na jina la msimuliaji wake likiwa juu yake.

Ugumu wa kwanza ni lugha. Mtoto husema batoto, kitabu husema watoto. Husema muzee, kitabu husema mzee. Mwalimu mwenye pupa hushika kalamu nyekundu papo hapo, na hadithi hufa, maana mtoto huacha kusimulia akaanza kuogopa. Mwalimu stadi husubiri: nakala ya kwanza huiacha kama ilivyotamkwa, na Kiswahili cha vitabu hukifunza katika nakala ya pili.

Subira hii ina ushahidi katika tarikhi ya nchi. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa majumbani, aliandika habari za Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili kile kile cha Katanga. Johannes Fabian, aliyeyachapisha maandishi yale mwaka 1990, hakuweza kuyafahamu barabara kwa macho peke yake. Ilimpasa Kalundi Mango, mwenye lugha, ayasome kwa sauti, na yalipokwisha kusikika ndipo maana ilipodhihiri.

Siri ya ufundi wote imo humo. Mpe mtoto karatasi sita, kila moja picha moja na maneno machache. Picha zipigwe karibu na dirisha, vumbi jekundu likiwa limekwisha kufutwa kwenye kioo cha simu. Kisha asome mwenyewe, arekodi, asikilize. Hapo hushtuka. Fisi amefika mtoni kabla hajatoka nyumbani. Kalulu na fisi wanasema kwa sauti moja. Na pale ambapo nkambo hunyamaza kidogo ili wasikilizaji wasogee, yeye amepita mbio. Hurudi kwenye kaye bila ya kuamriwa, akatia nukta mahali pa kile kimya. Miaka mingi ya kuimbishwa kanuni za nukta ubaoni haifanyi ilichofanya dakika ile moja, nami sijui furaha ya ualimu iliyo tamu kuliko kumwona mtoto akijisahihisha kwa sikio lake mwenyewe.

Nawe mwalimu usomaye maneno haya, nakuomba usiifute nakala ya kwanza. Ihifadhi pamoja na sauti yake, uandike juu yake jina la mtoto, na chini yake jina la nkambo aliyemsimulia.