Sauti na Baruti: Maoni juu ya "Half of a Yellow Sun"

Riwaya hii ya Chimamanda Ngozi Adichie, iliyotolewa mwaka 2006, yahusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria, vilivyoanza Julai 1967 na kwisha Januari 1970 kwa kushindwa kwa Biafra. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya mapenzi na njaa vilivyomo. Sisi twapenda kutazama mambo mawili ambayo wahakiki huyapita upesi: redio na bomu.

Biafra ilizingirwa, na silaha hazikuitosha. Wahandisi na wanasayansi wake, baadhi yao walimu wa vyuo vikuu, wakaunda zao wenyewe. Iliyovuma kuliko zote ni ogbunigwe, chombo cha chuma kilichoshindiliwa baruti na vipande vya vyuma. Redio Biafra nayo ilihamahama kadiri miji ilivyotekwa, isinyamaze. Mhandisi aliziba pengo la silaha. Mtangazaji aliziba pengo la matumaini.

Mwandishi ameiweka redio sebuleni, watu wameizunguka. Tanzania ilipoitambua Biafra tarehe 13 Aprili 1968, furaha ilikuwa ya haki. Lakini sauti ile ile yatangaza ushindi huku wasikilizaji wakifunga mizigo kuukimbia mji mwingine. Mwandishi hawacheki watu hao. Mfa maji hukamata maji.

Bomu twaliona mkononi mwa Ugwu, mtumishi wa nyumbani aliyetiwa jeshini kwa nguvu. Alipua ogbunigwe, na wenziwe wampa jina la sifa. Kisha kijana huyo huyo ashiriki kumbaka msichana mhudumu wa baa. Hapa ndipo penye uzito wa kitabu. Tendo la kwanza redio ingalilitangaza. La pili isingalilitaja kamwe. Redio huhesabu ushindi, riwaya hii yahesabu gharama.

Kasoro tunayoiona ni kwamba wahandisi wenyewe twawasikia zaidi katika mazungumzo ya barazani; karakana yao hatuingizwi. Twalitamani kumwona msomi aliyeweka chaki chini akashika baruti, na jinsi alivyopata usingizi usiku ule.

Walimu wenzetu, mkiisomesha riwaya hii msiishie kwenye mashujaa. Sisi ambao kazi yetu ni maneno tuna deni hapa. Waulizeni wanafunzi kila wasikiapo tangazo la vita, la zamani ama la leo: ni nani ambaye hakutajwa?