Weusi Uliokolezwa

Siku hizi msee akipiga picha ikatoka hovyo, anaigeuza nyeusi-nyeupe halafu anaiita sanaa. Rangi zikigombana, filta inazinyamazisha. Mtoto wa mtaa akiwa hana viatu, filta inamzidishia huzuni. Nimechoka na hizo picha. Kuondoa rangi ni kazi ya sekunde moja. Kazi yenyewe ni kuamua nini kitabaki.

Ndiyo maana narudi kwa Zanele Muholi wa Afrika Kusini, kwenye mfululizo wa Somnyama Ngonyama, jina la Kizulu linalomsalimu simba jike mweusi. Muholi hujipiga picha mwenyewe, kisha hukoleza kontrasti mpaka ngozi yake inakuwa nyeusi kuliko ilivyo.

Tazama Bester I, Mayotte, ya 2015. Vibanio vya nguo vimejaa kichwani kama taji, vingine vinaning'inia masikioni kama herini. Midomo ni myeupe. Bester ni jina la mama yake, aliyefanya kazi za nyumbani kwa wazungu zaidi ya miaka 40. Picha hii ingekuwa na rangi, tungeona vibanio vya kuanikia nguo, basi. Bila rangi, vinang'aa juu ya giza la ngozi, na kifaa cha kufulia kinakuwa pambo la malkia. Halafu macho yale yanakutazama, na hayakuombi chochote.

Kuna watakaosema kukoleza ngozi kwa kompyuta ni uongo. Sawa, lakini piga picha za harusi hapa Nairobi uone. Unaweza kurudishiwa uso uliong'arishwa bila kuulizwa, na hakuna anayeita huo uongo. Muholi anavuta kamba upande wa pili, tena waziwazi.

Si kila picha ya mfululizo huu inanishika. Ukiziangalia nyingi kwa mpigo, yale macho makali yanaanza kuzoeleka, na mahali pengine hoja inafika kabla ya picha. Lakini Bester I haichoshi.

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza filta, angalia mwanga kwanza. Kamera ikiupima kwa ukuta mweupe ulio nyuma, uso mweusi unazama. Pima kwenye shavu la mtu. Ukuta utajijua.