Msamiati wa hisabati: 'Njia ya mkato' si 'njia fupi kabisa'

JUMA lililopita mwanafunzi mmoja wa hisabati aliniletea muhtasari wake wa kazi ya Mfaransa Jean-François Le Gall, iliyochapishwa 2010, niupige msasa. Kichwa alikiandika hivi: 'Njia za Mkato katika Ramani Bapa Kubwa za Kiholela'. Haya, tuyapime maneno haya.

'Bapa' nililiacha lipite. Wala sina ugomvi na 'ramani'. Wapo watakaoteta kwamba ramani ni ya nchi na miji, ilhali hapa hakuna mji wala kilomita: ni nukta zilizounganishwa kwa mistari isiyokatizana, kana kwamba imechorwa juu ya mpira, na umbali ni idadi ya mistari unayopitia. Lakini si mafundi wetu husema 'ramani ya nyumba' kila uchao?

'Kiholela' ndilo lililoanza kuniwasha. Jambo la kiholela halina utaratibu. Hapa utaratibu upo, tena mkali: kusanya ramani zote zenye, tuseme, vyumba 1,000 vya pembe nne, kisha kila moja ipewe nafasi sawa na mwenzake ya kuchaguliwa, kama tiketi za bahati nasibu. Hizo ni ramani 'za nasibu'.

Kosa kubwa ni 'mkato'. Anayepita njia ya mkato huiacha barabara akakatiza shamba la mtu. Katika ramani hizi huwezi kuuacha mstari hata kidogo. Isitoshe, hapa Kenya tusidanganyane: aliyepata cheti kwa njia ya mkato tunajua alifanya nini. Neno hili limebeba hila na siri, kachochoro kanakojulikana na wachache.

Sasa tazama alichothibitisha Le Gall. Ramani hizi zikiwa kubwa mno, chagua nukta mbili kwa nasibu. Ukiitazama ramani nzima kwa mbali, njia fupi kabisa baina yazo ni moja tu. Tena, wasafiri wawili wakitoka pande tofauti kuiendea nukta moja, njia zao fupi kabisa huungana kabla ya kufika, na kipande cha mwisho wanakitembea pamoja. Kachochoro ka siri kako wapi hapo? 'Mkato' unamwambia msomaji kinyume cha kilichothibitishwa.

Namtetea kijana kidogo. Ramani hizi zimejikunjakunja ajabu: vyumba vikiongezeka mara 16, umbali wa kawaida huongezeka kama mara 2 tu, ilhali kwenye karatasi ya miraba ungeongezeka mara 4. Ufupi huo unaweza kumfanya mtu adhani kuna mahali watu wanakatiza.

Nikamuuliza mbona asiandike 'njia fupi kabisa'.

"Mwalimu," akanijibu, "hiyo ni ndefu sana. Nilitaka kitu kifupi."

Nilimrudishia karatasi zake.