Mzabibu wa Nyumbani Huzaa kwa Mkasi

Mkulima wa zabibu wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mwenzake wa Ufaransa huvuna mara moja tu, ingawa aina kama Chenin Blanc na Syrah, ambazo leo zimeenea Dodoma pamoja na Makutupora Red, zilitoka huko kwake.

Kinachowatofautisha ni majira ya baridi. Ulaya mzabibu hupukutisha majani baridi inapoingia, hulala, na joto linaporudi macho yake, yaani sehemu za tawi zinazochipua, huamka karibu kwa pamoja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Ukiachwa, mti huendelea kurefuka tu, na jicho la nchani huyazuia yaliyo nyuma yake yasichipue. Ndiyo maana mizabibu mingi ya uani hutoa kivuli kizuri bila kichala hata kimoja. Mwenye nyumba hulaumu udongo, huongeza samadi, na mti huzidi kufanya majani.

Wakulima wa Dodoma wanachofanya ni kuutengenezea mti usingizi. Baada ya mavuno hupunguza au kusimamisha maji ili ukuaji utulie na matawi yakomae, yaani yageuke kutoka kijani kuwa kahawia. Kisha huingia na mkasi, hukata matawi hayo na kubakiza macho machache, na baada ya hapo hurudisha maji na mbolea. Kwa kuwa jicho la nchani limeondoka, yaliyobaki huchipua. Tangu siku ya kupogoa hadi kuvuna ni kama miezi minne, na kwa aina nyingine huzidi kidogo. Maana yake ni kwamba tarehe ya mavuno huchaguliwa na mkulima mwenyewe: anaamua anataka kuvuna lini, halafu anahesabu kurudi nyuma.

Lakini kupogoa peke yake hakuumbi zabibu. Kichala unachokiona leo kiliumbwa zamani ndani ya jicho, wakati tawi lililolibeba lilipokuwa bado changa. Jicho hilo huwa na kitovu kidogo ambacho bado hakijaamua kitakuwa nini. Kikipata mwanga wa kutosha, joto na chakula, huwa kichala. Kikikaa gizani chini ya msongamano wa majani, huwa ule uzi ambao mzabibu hutumia kujishikia kwenye waya. Hii kwangu ndiyo habari kubwa kuliko zote kwa anayepanda nyumbani, kwa sababu inaonyesha kwamba uzazi wa msimu ujao hupangwa huku ukila zabibu za msimu huu. Anayeuacha mti wake uwe kichaka hupoteza mavuno mawili: ya sasa yatakayooza kwa unyevu, na yajayo ambayo hayataumbika kabisa. Machipukizi dhaifu yanayosongamana yang'olewe mapema, na kichanja kinachoubeba mti kiachwe na nafasi za jua kupenya.

Hapo ndipo uchaguzi wa aina unapoanza kuwa na maana. Watu huuliza kwanza rangi na utamu. Swali la kutangulia ni hili: aina hii huweka macho yenye vichala wapi kwenye tawi? Chenin Blanc, kwa mfano, huzaa hata kwenye macho ya shina la tawi, kwa hiyo unaweza kukata ukabakiza macho 2 tu na bado ukavuna. Muscat Hamburg nayo hustahimili mkato mfupi. Thompson Seedless, zabibu nyeupe maarufu isiyo na mbegu, ina tabia tofauti kabisa: macho yake ya mwanzo mara nyingi huwa matupu, na yenye mzao huanza mbele zaidi. Ukiikata fupi kama Chenin Blanc, umetupa vichala karibu vyote pamoja na matawi. Hiyo hubakiziwa matawi marefu yenye macho 8 hadi 12, ambayo hulazwa na kufungwa kwenye waya ili macho ya katikati nayo yaamke. Anayeanza na hana mwalimu wa karibu, achukue aina ya mkato mfupi. Hiyo ndiyo rai yangu, hata kama moyo unatamani isiyo na mbegu.

Swali la pili ni mvua. Dodoma hupata mvua moja ya mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha ukame mrefu. Zabibu za Agosti na Septemba huiva wakati wa ukavu: sukari hupanda, ngozi hubaki nzima, na maradhi hupungua. Zile za Februari na Machi hukutana na mvua. Vichala vya Chenin Blanc vimebanana, na maji yakikaa katikati, punje hupasuka na kuoza. Anayelima kwa biashara hupiga dawa na kuvuna yote mawili. Kwa mzabibu wa nyumbani, mavuno ya kiangazi ndiyo ya kutegemea.

Maradhi yenyewe ni mawili makubwa, na watu huyachanganya. Ubwiri unga hufunika majani na punje kwa vumbi jeupe, nao hauhitaji mvua, hupenda kivuli na hewa iliyotuama. Salfa huudhibiti, ila ipigwe asubuhi mapema au jioni, maana jua kali likiikuta hubabua majani. Ubwiri vinyoya huja na majani yaliyolowa, huacha madoa ya njano juu na ukungu mweupe chini ya jani. Salfa haiuwezi, unahitaji dawa ya shaba.

Je, pwani? Unyevu ni mwingi na mvua huja mara mbili, masika na vuli. Kuiga kalenda ya Dodoma hapo ni kujitafutia hasara. Mfano unaofaa zaidi uko India, jimbo la Maharashtra, ambako wakulima hupogoa mara mbili lakini huvuna mara moja. Mkato wa kwanza huwa wa kuandaa matawi tu, nao hufanywa jua likiwa kali, kwa sababu macho huumba vichala kati ya takriban siku ya 40 na ya 60 baada ya mkato huo. Wa pili ndio wa matunda. Kwa Dar es Salaam, hesabu hiyo inaangukia hivi: mkato wa kuandaa ufanywe katikati ya Desemba ili macho yaumbike katika jua la Januari na Februari, na mkato wa matunda mwishoni mwa Mei, masika yakiisha, ili uvune Septemba au Oktoba kabla ya vuli kukolea. Na aina iwe ngumu kwa ukungu, kama Isabella, yenye asili ya mizabibu ya Marekani. Karibu na mji wa Bangalore, huko huko India, hulimwa kwa jina la Bangalore Blue. Ladha yake ni nzito, wengine hawaipendi, lakini hutoa juisi nzuri.

Kupanda ni kazi nyepesi. Mti mmoja unatosha, maana mizabibu inayolimwa kwa kawaida hujichavusha. Chukua pingili zilizokomaa, unene wa penseli, zenye macho 3 au 4, uzioteshe kivulini. Usipande kokwa, kwa sababu mche wake hautafanana na mama. Sehemu iwe na jua mchana kutwa na udongo usiotuamisha maji. Kagua mchwa. Punje zikishapata rangi usizikimbilie: zabibu haiongezi sukari baada ya kukatwa, kwa hiyo onja kwanza.

Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) cha Makutupora, nje kidogo ya jiji la Dodoma, ndicho chenye kazi ya utafiti wa zabibu nchini Tanzania, na ndiko pa kuanzia kuulizia miche. Popote utakaponunua, taka jina la aina na urefu wa mkato wake. Muuzaji asiyejua hayo mawili, usichukue pingili yake.