Kisanduku cha Jua na Sababu Yake

Katika zana zote za kufundishia joto nilizopata kuzitumia, hakuna iliyopendwa na wanachuo kama kisanduku cha jua. Boksi hupakwa masizi ndani, kipimajoto hulazwa chini, kisha mdomo wa boksi hufunikwa kwa kioo. Boksi la pili, lililo wazi, huwekwa kando yake. Baada ya nusu saa juani, lile lenye kioo huwa limepata joto kuliko mwenzake, na darasa zima hushangilia. Nimewafundisha walimu wengi kukitumia. Leo nataka kukipima chenyewe.

Kwanza nikipe haki yake. Hakina gharama, na mtoto anaweza kukitengeneza kwa mikono yake. Akibadili masizi kwa karatasi nyeupe, huona mwenyewe kwamba rangi nyeusi hunyonya joto la jua kuliko nyeupe. Tena kina ukoo mzuri: mwaka 1767 Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alipima joto la jua kwa masanduku ya kioo, na majiko ya jua ya leo ni wajukuu wa masanduku hayo.

Kasoro haimo katika boksi. Imo katika maelezo ambayo mwalimu huongeza mwishoni: kwamba kioo hupitisha mwanga wa jua kisha huzuia mionzi ya joto isitoke, ndiyo maana ndani huwa moto, na kwamba hewa ya dunia nayo hufanya vivyo hivyo.

Mwaka mmoja nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi. Mwanachuo niliyemkagua alipokwisha kusomewa vipimo na watoto, alitoboa matundu mawili makubwa ubavuni mwa boksi, moja chini na jingine juu, akaacha kioo mahali pake. Joto likashuka. Akawauliza watoto, "Kioo kipo. Kilichotoka ni nini?" Wakajibu, "Hewa ya moto!" Mimi nikaandika katika fomu kwamba amepotosha dhana, nikampunguzia alama.

Jioni alinifuata. "Shikamoo Mkuu. Naomba radhi, lakini mimi naona kinachofungwa mle ni hewa zaidi kuliko mionzi."

"Marahaba. Kitabu kinasemaje?"

"Kitabu kinasema mionzi, Mkuu."

"Basi fundisha kitabu."

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za R. W. Wood, mwanafizikia wa Marekani. Mwaka 1909 alitengeneza maboksi mawili meusi ndani, moja akalifunika kwa kioo na jingine kwa bamba la chumvi ya mawe, ambayo hupitisha mionzi ya joto ambayo kioo huizuia. Kama maelezo yetu yangekuwa kweli, boksi la chumvi lingebaki nyuma sana. Halikubaki. Yote mawili yalipanda hadi nyuzi 65 hivi za Selsiasi, na la chumvi lilitangulia kidogo. Alipochuja kwanza mwanga wa jua kwa kioo kingine ili yapate mionzi ya namna moja, tofauti haikufika nyuzi moja. Kazi kubwa ya kifuniko ni kuzuia hewa ya moto isipande na kuondoka. Mwanachuo wangu alikuwa sahihi, na ushahidi alikuwa nao mezani.

Msomaji ataniuliza kuna ubaya gani, maadam boksi linapata joto. Ubaya ni huu. Mvuke wa maji na hewa ya ukaa kweli hunyonya joto linalotoka ardhini na kulirudisha kwa sehemu. Huo ni ukweli uliopimwa. Lakini dunia haina kifuniko kinachozuia hewa kupanda. Tukiuegemeza ukweli huo kwenye boksi, siku kijana atakapogundua kwamba boksi lina sababu nyingine, atadhani na habari ya tabia nchi ni hadithi. Hapo tutakuwa tumemharibia yote mawili.

Zana ninayoipendekeza ni ya usiku. Chukua vipande viwili vya bati. Kimoja kiache chini ya anga wazi. Juu ya kingine tandaza mkeka ulioinuliwa kwa vijiti vinne, upepo upite. Ukiwa usiku mtulivu usio na mawingu, alfajiri bati lililo wazi litalowa umande kuliko lile la chini ya mkeka. La wazi limetupa joto lake angani likapoa. Jingine limerudishiwa sehemu na mkeka, ingawa hewa haikufungwa popote. William Charles Wells alifanya jaribio la jamii hiyo Uingereza kwa sufu na ubao, akaliandika mwaka 1814: sufu ya juu ya ubao ilipata umande zaidi ya mara tatu ya ile ya chini yake. Watu wa Njombe wanajua pia kwamba sakitu huja usiku wa anga safi, si usiku wa mawingu.

Mkeka nao una mipaka, kwa kuwa mchana huzuia jua, jambo ambalo hewa ya ukaa haifanyi. Mwalimu aseme hivyo waziwazi. Na kisanduku asikitupe. Akitoboe matundu, kisha awaulize watoto swali lile lile la mwanachuo wangu. Alama nilizompunguzia siwezi tena kumrudishia.