Kipimo Ambacho Boksi la Saa Halisemi

Namba inayotajwa mtu anapouziwa saa ya mkono, 40 au 42 au 44, ni kipenyo cha kasha kwa milimita. Wanunuzi wengi huitegemea hiyo peke yake, na kwa maoni yangu ndiyo inayowapotosha zaidi. Kipenyo hupimwa kutoka upande wa namba 9 hadi upande wa namba 3, yaani kufuata urefu wa mkono, na upande huo mkono una nafasi tele. Shida iko upande wa pili. Kutoka ncha za pembe za juu zinazoshika mkanda hadi ncha za pembe za chini, saa hulala kukatiza mkono, na hapo nafasi ni finyu. Saa mbili zenye kipenyo kimoja zinaweza kupishana milimita 5 au zaidi kwa urefu huo, moja ikatulia na nyingine ikaning'inia.

Niliona upimaji wa urefu huo ukifanyika vizuri hapa Machakos mjini, familia moja ilipotaka kumtunza saa baba yao, mwalimu aliyestaafu. Wanawe walikuwa wameshapenda moja: kipenyo milimita 44, kasha nene la chuma, uso mweusi. Waliona kwamba zawadi kubwa ndiyo inayoonyesha heshima kubwa. Fundi saa hakubishana nao. Alimwomba mwalimu akunje shati, akazungusha futi ya fundi cherehani juu kidogo ya ule mfupa uliochomoza upande wa kidole cha mwisho. Mzingo ulikuwa sentimita 16.5. Kisha akafanya jambo ambalo wauzaji wengi hawalifanyi: akaweka rula mgongoni mwa mkono na kupima sehemu iliyo bapa tu, kabla mkono haujaanza kupinda kuelekea chini. Akapata milimita 50. Akaigeuza ile saa ya 44, akaipima pembe hadi pembe: milimita 53.

Milimita 3 zinaonekana si kitu. Lakini maana yake ni kwamba ncha za pembe zimepita ukingo wa mkono. Mkanda unashuka wima badala ya kuzunguka ngozi, uwazi unabaki kila upande, na uzito wote wa kasha unakaa juu bila mahali pa kushikilia. Ukiukaza mkanda unaumia, ukiulegeza saa inageukia ndani. Hakuna tundu la mkanda linaloweza kurekebisha hilo.

Mzingo peke yake haungeyaonyesha haya. Watu wawili wenye mzingo wa sentimita 16.5 wanaweza kuwa na mikono tofauti kabisa, mmoja wake mpana na bapa, mwingine wake mviringo. Wa kwanza atavaa saa ambayo wa pili haiwezi. Ndiyo sababu mimi huanza na rula, na futi huiachia kazi ya kukadiria urefu wa mkanda.

Mfano mzuri wa namba kudanganya ni Seiko SKX007, saa ya wapiga mbizi iliyovaliwa na watu wengi duniani. Kipenyo chake ni takriban milimita 42.5, na ukisoma hapo tu utadhani ni ya mkono mnene. Lakini pembe zake ni fupi na zimeinama, hata urefu wote ni kama milimita 46. Hukaa vyema kwenye mikono ambayo saa nyingi za 40 zinaishinda. Nayo Casio F-91W, ya plastiki, iliyotoka mwaka 1989, ina upana wa milimita 35.2, urefu wa 38.2, unene wa 8.5 na uzito wa gramu 21 tu. Ni vigumu kumpata mtu mzima isiyemtosha.

Unene nao una hesabu yake. Saa ya milimita 13 au 14 hukwama kwenye mkono wa shati uliofungwa kifungo, na kwa mtu wa ofisini au wa kanisani kila Jumapili, hilo litamchosha kabla ya jambo lingine lolote. Mwendesha bodaboda ana tatizo jingine: anaposhika usukani mkono hukunjwa kwa nyuma, na kitufe cha kurekebishia saa, kikiwa upande wa namba 3, humchoma mgongo wa kiganja siku nzima. SKX007 imekiweka kitufe chake karibu na namba 4, na tofauti hiyo ndogo husikika.

Fundi alimpima mwalimu kwa mkunjo huohuo wa mkono. "Mwalimu, nyanyua mkono kama unaandika ubaoni," akamwambia. Mzee akanyanyua mkono, akaukunja, akaandika hewani. Saa ya 44 ilimgusa mfupa, kisha ikateleza kuelekea kwenye kiwiko.

Wanawe walikuwa na hoja moja ya kweli: macho ya baba yao yamepungua nguvu, kwa hiyo anahitaji namba zinazosomeka. Hoja hiyo ni nzito, na kwangu inashinda mitindo yote. Jibu lake, hata hivyo, haliko kwenye kasha kubwa. Saa za kupigia mbizi zina duara pana la chuma kuzunguka kioo, nalo hula nafasi ya uso. Saa ya 38 yenye duara jembamba, uso mweupe, namba nyeusi zilizonyooka na akrabu nene husomeka kwa urahisi kuliko 42 yenye duara pana. Tena uso mweupe huonekana mkubwa kuliko mweusi wa kipimo kilekile. Waliichukua ya namna hiyo: kipenyo 38, pembe hadi pembe 46, unene usiofika 10.

Atakayesema saa ya 38 ni ya kike anasahau historia. Saa ambazo jeshi la Uingereza liliagiza kwa watengenezaji 12 wakati wa Vita Vikuu vya Pili zilikuwa za takriban milimita 35 hadi 38. Ukubwa wa 44 na kuendelea ulishika kasi miaka ya 2000. Hata Rolex waliipandisha Explorer kutoka 36 hadi 39 mwaka 2010, wakairudisha 36 mwaka 2021.

Kazi ya mwisho ilikuwa cheni, yaani mkanda wa vipande vya chuma uliokuja na saa hiyo. Fundi alisukuma pini na kutoa vipande kutoka pande zote mbili, ili bizimu ibaki katikati ya upande wa ndani wa mkono. Vikitolewa upande mmoja tu, bizimu huvutwa kando na uso wa saa hufuata. Aliacha nafasi ya kupitisha ncha ya kidole kidogo. Nafasi hiyo ni ya lazima, maana mkono huvimba kidogo kwa joto na kwa kazi. Machakos iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto lake hupanda na kushuka. Cheni iliyokazwa barabara asubuhi ya baridi ya Julai itabana mchana wa Februari. Ni heri kupima alasiri.

Anayenunua kwa simu, bila kuishika saa, amwombe muuzaji picha ya saa ikiwa imelazwa kando ya rula, kutoka pembe hadi pembe. Kisha akate kipande cha kadibodi chenye urefu huo na upana wa kipenyo, akiweke mgongoni mwa mkono, na aukunje. Ncha za kadibodi zikitokeza nje ya ukingo wa mkono, atafute saa nyingine.